Maji yanayopandisha watu: reli ya genge la Lynton na Lynmouth

Kaskazini mwa Devon, Uingereza, kuna kijiji cha ufukweni kinaitwa Lynmouth, na juu yake kabisa, kwenye genge, yaani ukingo mkali wa mwamba, kuna mji mdogo unaitwa Lynton. Kati ya hivyo viwili kuna reli fupi ya mita 263 inayopanda kimo cha mita 152. Haina injini. Haina mota ya umeme, haina dizeli, haijawahi kuchoma makaa ya mawe. Inakwenda kwa maji ya mto, na imekuwa ikienda hivyo tangu Jumatatu ya Pasaka, tarehe 7 Aprili 1890. Nimefanya kazi ya maji vijijini tangu nilipotoka chuoni hadi nilipostaafu, sehemu kubwa kwenye miradi ya mserereko, yaani ya maji yanayoshuka yenyewe bila pampu, katika milima ya Usambara, na katika mitambo yote niliyopata kuiona hakuna ulioniingia moyoni kama huu.

Binti yangu ni muuguzi huko Devon. Nilikwenda kumsaidia baada ya kujifungua, na siku moja ya mapumziko yake akasema, "Mama, leo twende Lynmouth, kuna kitu chako kule." Ananijua. Kila tunapopita tangi au bomba lazima niulize chanzo kiko wapi. Tukapanda basi sote, na yule mtoto mgongoni mwangu, tukakatisha nyanda za Exmoor hadi barabara ilipoanza kushuka baharini.

Mtu aliyezaliwa Mombo, kama mimi, hahitaji kuelezwa mara mbili shida ya Lynmouth. Mombo iko bondeni kwenye joto, Lushoto iko juu kwenye ukungu, na katikati kuna mlima. Reli ya Wajerumani ilifika Mombo mwaka 1905, na kuanzia hapo chochote kilichotakiwa juu kilianza safari nyingine kabisa: kichwani, mgongoni, juu ya punda. Wazee wetu walikuwa wakitusimulia pia habari za Mkumbara, jirani na Mombo, ambako Wajerumani walitandaza kamba za chuma kupanda hadi Shume ili kushushia magogo ya mwangati. Nilikua nikijua kwamba mlima mkali ukishindikana kwa barabara, watu hufikiria kamba.

Lynmouth nayo ilikuwa hivyo hivyo. Barabara za Exmoor zilikuwa ndefu na mbaya, kwa hiyo makaa ya mawe, chokaa na vyakula vilikuja kwa vyombo vya tanga kupitia Mlango wa Bristol, vikashushwa kwenye bandari ndogo pale chini. Kutoka hapo kwenda Lynton ilikuwa kazi ya farasi na punda wa mizigo. Kuanzia miaka ya 1820 wageni walianza kuja kwa meli za mvuke kupumzika, na wao pia, ama wapande kwa miguu, ama wakodi farasi wadogo na punda, ama wakae kwenye magari ya kukokotwa. Kilima kile kiliwamaliza wanyama; farasi waliofanya kazi pale hawakudumu. Unaposimama chini ukatazama juu, unaamini bila kuambiwa na mtu.

Waingereza wa siku hizo walikuwa na mazoea ya kuwekeza kwenye miji ya pwani. Kila mji ulitaka gati refu la kutembelea, bustani, na namna ya kumtoa mgeni ufukweni hadi hotelini juu ya genge. Scarborough, upande wa mashariki, ilikuwa na reli ya genge tangu 1875. Kwa hiyo wazo la reli halikuzaliwa Lynmouth. Kilichotokea Lynmouth ni watu watatu kukutana mahali pamoja.

Wa kwanza ni George Newnes, mwenye fedha. Alizaliwa 1851 huko Derbyshire, akatajirika kwa kuchapisha magazeti ya bei nafuu yaliyosomwa na watu wa kawaida, akawa mbunge, na baadaye akapewa cheo cha Sir. Alipofika Lynton alipapenda, akajenga nyumba yake kilimani, na humo ndimo alimofia mwaka 1910. Mji alioupenda aliufanyia mambo: aliupa ukumbi wa mji ambao bado upo, na alikuwa nyuma ya reli ya kawaida iliyounganisha Lynton na Barnstaple kuanzia 1898. Ile ya Barnstaple ilifungwa 1935. Hii ya genge imebaki.

Wa pili ni George Croydon Marks, mhandisi, aliyezaliwa 1858. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu reli ilipofunguliwa, na tayari alikuwa ameshajenga nyingine kule Saltburn, kaskazini mashariki ya Uingereza, iliyofunguliwa 1884. Wa tatu ni Bob Jones, mkandarasi wa pale pale Lynton. Mimi huyu wa tatu ndiye ninayemheshimu kuliko wote. Mwenye fedha anaweza kutoka popote, mhandisi anaweza kuja na ramani mkobani akaondoka nazo, lakini fundi wa mahali ndiye anayejua mwamba upi unamong'onyoka na mto unapanda kiasi gani mvua zikikaa. Nimeona miradi mingi iliyosanifiwa vizuri na watu waliokuja na gari asubuhi wakaondoka jioni. Ule wa Lynmouth ulijengwa na mtu aliyekuwa anakula na kulala na mlima huo. Kazi ilianza 1887 na ilichukua karibu miaka mitatu, mwamba ukikatwa kutoka juu hadi chini kwa mikono.

Sasa niwaeleze mtambo unavyofanya kazi, maana hapa ndipo nilipokaa muda mrefu hadi binti yangu akaenda kumnyonyesha mtoto kwenye benchi bila mimi kujua.

Fikiria ndoo mbili zilizofungwa kwenye ncha mbili za kamba moja, na kamba imepita kwenye kapi juu ya kisima. Ndoo moja ikiwa nzito zaidi itashuka, na kwa kushuka kwake itaivuta mwenzake juu. Lynmouth wameilaza ile kamba kwenye mteremko. Kuna njia mbili za reli sambamba, na kila njia ina behewa lake la kijani. Mabehewa yameunganishwa kwa kamba ya chuma inayopita kwenye gurudumu kubwa juu na jingine chini, ni mzunguko mmoja, kwa hiyo uzito wa kamba yenyewe unalingana pande zote mbili popote mabehewa yalipo. Moja likiwa juu, jingine liko chini. Yanapishana katikati ya safari. Mteremko ni mkali kiasi kwamba kila unapotembea mita 175 juu ya reli umepanda mita 100. Kwa sababu hiyo behewa limewekwa juu ya fremu ya pembe tatu, ili sakafu ibaki tambarare na bibi kama mimi asimame bila kushika kitu.

Chini ya sakafu ya kila behewa kuna tangi la lita 3,182. Hapo ndipo siri yote ilipo. Kwenye kituo cha juu kuna bomba linaloleta maji kutoka mto West Lyn, zaidi ya maili moja kutoka hapo, na maji hayo yanakuja yenyewe, kwa mserereko, kwa kuwa banio, yaani mahali maji yanapochukuliwa mtoni, liko juu kuliko kituo. Tangi la behewa la juu linajazwa. Behewa la chini nalo limeshuka na tangi lake limejaa. Madereva wawili, kila mmoja kwenye behewa lake, wanaelewana kwa ishara, kisha yule wa chini anafungua valvu na kuanza kumwaga maji. Anamwaga kidogo kidogo, hadi behewa la juu linakuwa zito kuliko la kwake. Hapo breki zinalegezwa na safari inaanza.

Nilisimama pale kituo cha chini nikatazama. Dereva alizungusha usukani mdogo wa shaba uliong'aa kwa kushikwa, na maji yakaanza kutoka chini ya behewa kwa kishindo, meupe, yakaingia kwenye mfereji wa zege. Abiria walikuwa wanapiga picha za bahari. Mimi nilikuwa nayatazama yale maji. Yalikuwa safi, bila tope, maana yake huko juu chujio linatunzwa. Yalitoka kwa nguvu, halafu yakapungua, na wakati yalipokuwa bado yanatiririka behewa likatikisika kidogo tu, kama sentimita mbili, likatulia. Dereva akafunga valvu pale pale. Alijua kwa mwili wake kwamba mizani imefika. Hakuna saa ya kipimo aliyoiangalia.

Nikapiga hesabu mle ndani ya behewa tukiwa tunapanda. Behewa linabeba watu 40. Tukisema kila mtu ana kilo 70, basi abiria wote ni kilo 2,800. Tangi likijaa lina maji ya kilo 3,182. Ina maana hata behewa la chini likijaa watu, na la juu likawa halina abiria hata mmoja, tangi la juu peke yake linatosha kuwapandisha, na linabaki na ziada ya karibu kilo 380 kwa ajili ya kushinda msuguano. Aliyechagua ukubwa wa tangi lile hakuokota namba. Alianza na hali ngumu kuliko zote, akasanifu kwa ajili yake, kisha hali rahisi zote zikawa ndani yake. Sisi tulifundishwa hivyo hivyo chuoni: usisanifu bomba kwa mahitaji ya saa nane mchana, sanifu kwa saa kumi na mbili asubuhi kina mama wote wakiwa kwenye gati la maji, pale penye mabomba ya kuchotea, na ndoo.

Breki nazo zinahitaji kusemwa. Newnes, Marks na Jones walizichukulia hataza mwaka 1888, na zinatumia maji badala ya mafuta kusukuma vyuma vinavyobana reli. Kuna mifumo miwili kwenye kila behewa: vyuma vinavyokandamiza reli kwa juu, na vingine vinavyoibana kwa pembeni. Zimekaa katika hali ya kubana muda wote. Kazi ya dereva ni kuzilegeza, na akiachia mkono, kwa kuzirai au kwa sababu yoyote, behewa linasimama lenyewe. Kwenye mteremko kama ule, mtu aliyefikiria usalama kwa namna hiyo zaidi ya miaka 130 iliyopita alikuwa anajali watu.

Siku za mwanzo mizigo ilikuwa na maana sawa na wageni. Sehemu ya juu ya behewa, ile wanamokaa abiria, iliweza kuondolewa ikabaki jukwaa tupu, na jukwaa hilo lilipandisha makaa, mbao, na magari yalipoanza kufika huko, hata magari. Wale farasi wakapumzika.

Lakini kinachonifanya niandike yote haya si tangi wala breki. Ni karatasi.

Mwaka 1888, miaka miwili kabla ya behewa la kwanza kusogea, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoipa kampuni ya reli hiyo haki ya kuchukua maji kutoka mtoni, galoni 60,000 kwa siku, sawa na lita 272,760, na haki hiyo ni ya kudumu. Haina mwisho wa muda. Kampuni ile ile bado ipo na bado inaendesha reli ile ile kwa haki ile ile.

Nilipoisoma namba hiyo niliigawanya mara moja, kwa mazoea. Lita 272,760 kwa saa 24 ni kama lita tatu na kidogo kwa sekunde. Kwa mtu wa maji huo si mto, ni bomba la kijiji kimoja kikubwa. Ukigawanya kwa tangi unapata safari 85 za tangi kamili kwa siku. Ni kiasi cha haki: kinatosha kazi, hakikaushi mto. Waliomba wanachohitaji, wakakiandika kwa kipimo, wakakipeleka mahali pa juu kabisa panapoweza kukilinda, kabla behewa lolote halijasogea.

Sisi mara nyingi tumefanya kinyume. Nimeshiriki kujenga mradi mmoja wa mserereko, kijiji sitakitaja, uliokuwa mzuri kwa kila kipimo. Banio la mawe, chujio, tangi la lita 50,000, magati tisa. Wananchi walichimba mitaro wenyewe, wanawake kwa wanaume, wakiimba. Maji yalitoka. Suala la kibali cha kutumia maji liliachwa kwamba litafuata. Baada ya misimu michache watu wa juu ya chanzo walifungua mashamba ya mboga na mifereji yao, na hawakuwa wabaya, walikuwa wanatafuta riziki kama wengine. Hakukuwa na karatasi yoyote inayosema kiasi gani ni cha nani. Kiangazi cha mwaka huo magati yote ya chini yalikauka, na hadi naondoka wilaya ile ugomvi ulikuwa bado uko kwa mtendaji wa kata. Bomba zilikuwa nzima. Tangi halikuwa na ufa. Mradi ulikufa ukiwa na afya.

Ndiyo maana namtazama Newnes na wenzake kwa jicho la tofauti na la watalii. Watu wanawasifu kwa ubunifu wa kutumia maji, lakini kusawazisha mabehewa kwa maji lilikuwa jambo linalojulikana. Marks mwenyewe alikuwa ameshalifanya Saltburn. Walichokiona wao ni kwamba mtambo wa maji ni wa kudumu kama haki ya maji ilivyo ya kudumu, si zaidi.

Saltburn inafaa kulinganishwa. Kule reli ni fupi zaidi, inapanda mita 36 hivi, na pia inatumia maji, na pia bado inafanya kazi. Lakini hakuna mto unaoleta maji juu, kwa hiyo maji yakishamwagwa chini lazima yarudishwe juu kwa pampu. Ni mtambo mzuri, naupenda, ila una pampu, na mwenye pampu ana bili na ana vipuri vya kutafuta. Marks alijenga au kusimamia nyingine kadhaa: Bridgnorth mwaka 1892, Clifton Rocks pale Bristol mwaka 1893, Aberystwyth huko Wales mwaka 1896. Aberystwyth ilibadilishwa ikawa ya umeme 1921. Bridgnorth nayo ikawa ya umeme miaka ya 1940. Clifton ilifungwa 1934. Ni hii ya Lynton ambayo mpaka leo maji yanaingia juu yenyewe na kutoka chini yenyewe, bila swichi.

Maji hayo hayo ya Lyn yaliwahi kuupa mji kitu kingine. Mwaka ule ule wa 1890 Lynmouth ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza Uingereza kupata umeme wa nguvu za maji. Na maji hayo hayo yaliwaua watu wake.

Usiku wa kuamkia tarehe 16 Agosti 1952 mvua kubwa ajabu ilinyesha Exmoor, milimita 229 ndani ya saa 24, juu ya ardhi iliyokwishashiba maji. Mito ya East Lyn na West Lyn ilishuka na mawe makubwa na magogo, madaraja yakazibika, maji yakajikusanya nyuma yake kisha yakapasuka kwa pamoja. West Lyn ilihama njia, ikapita katikati ya nyumba. Watu 34 walikufa. Majengo zaidi ya 100 yaliharibiwa au kubomoka, na magari yalisombwa baharini. Kituo cha umeme kiliangamia. Reli ya genge, iliyokaa kando upande wa magharibi mbali na mdomo wa mto, ilinusurika.

Pale chini kuna ukumbi mdogo wa kumbukumbu ya mafuriko, wenye picha na mfano wa kijiji kilivyokuwa. Nilikaa humo kimya na mjukuu wangu mgongoni. Nimefanya kazi Lushoto na Korogwe, najua sauti ya korongo likija usiku. Kwa kawaida watu wanaopenda mitambo husimulia mitambo tu, na mimi sitaki kusimulia reli hii kana kwamba mto ule ni mtumishi mpole. Mto mmoja ndio unaopandisha watu wazima wanaokula aiskrimu, na ndio uliowachukua wale 34. Mafundi walioomba lita tatu kwa sekunde, wasiombe zaidi, na wakaweka reli yao mahali mto hauifikii, walikuwa wanamjua wanayefanya naye kazi.

Baada ya mafuriko mto ulipanuliwa na madaraja yakajengwa upya kwa nafasi kubwa zaidi ya maji kupita. Ukienda leo utaona njia ya mto ni pana mno kwa maji yaliyomo, na mgeni asiyejua atashangaa kwa nini wameacha nafasi yote hiyo wazi katikati ya kijiji kisicho na ardhi ya kutosha. Ni kwa sababu hiyo.

Jambo moja pembeni, kwa wanaopenda habari za pwani. Januari 1899, miaka tisa baada ya reli kufunguliwa, meli moja iliyoitwa Forrest Hall ilikuwa hatarini katika dhoruba, na bahari mbele ya Lynmouth ilichafuka hata boti ya uokoaji, Louisa, ikashindwa kuingizwa majini. Wanakijiji wakaamua kuivuta nchi kavu hadi Porlock. Zaidi ya kilomita 20, usiku, kwenye mvua na upepo, wakipanda kilima cha Countisbury kwa farasi na kwa mikono, wakibomoa kuta pale njia ilipokuwa nyembamba mno. Asubuhi waliishusha majini, na waliokuwa kwenye meli wakaokolewa wote. Reli ya genge haikuweza kuwasaidia, kwa kuwa inakwenda Lynton, na Countisbury iko ng'ambo ya pili ya bonde. Nimeliweka hapa ili mjue watu hao ni wa namna gani. Watu wanaoweza kuvuta boti juu ya mlima usiku kucha ndio hao hao waliokata mwamba wa mita 152 kwa nyundo.

Binti yangu aliniuliza tukiwa juu, tukinywa chai, kama kitu kama hiki kingewezekana kwetu. Nilimwambia ndiyo, na nilisema kwa dhati. Usambara ina kila kitu kinachohitajika: mteremko, mito isiyokauka ikitunzwa misitu yake, watu juu na watu chini wenye mizigo ya kupeleka pande zote mbili. Mkulima wa Lushoto anashusha viazi na kabichi kila siku. Mzigo unaoshuka ni mzito kuliko unaopanda, kwa hiyo hata maji yangehitajika kidogo. Kabichi zenyewe zingepandisha mbolea. Sijui kama nitaishi kuona mtu akijaribu. Ila atakayejaribu, namsihi aanze ofisi ya maji ya Bonde la Pangani kwa ajili ya kibali, kabla hajanunua hata mita moja ya reli.

Kwa atakayefika Lynmouth: reli hufungwa miezi ya baridi kali, kwa hiyo uliza kabla ya kusafiri. Panda kutoka chini, siyo kutoka juu, na usikimbilie kukaa ndani. Kuna kibaraza cha nje, simama hapo. Kabla behewa halijaondoka tazama chini uone maji yakimwagwa. Mkipishana na behewa lenzenu katikati, ujue kwamba ninyi mnapanda kwa sababu wao wanashuka. Ukifika juu abiria wengi watakimbilia mkahawani na kwenye mandhari ya bahari hadi Wales. Wewe subiri dakika chache tu karibu na behewa ulilotoka, utaona bomba likifunguliwa na tangi likianza kujazwa kwa safari inayofuata. Kurudi unaweza kutembea. Kuna njia ya miguu ya kupindapinda gengeni inayopita kwenye madaraja juu ya reli, na kutoka kwenye madaraja hayo utaiona kamba ikikimbia chini yako, iking'aa kwa grisi.